Je, wajua kwa nini darasa la Ufaransa bado linanukia wino?

Ukifungua daftari la mtoto wa miaka sita nchini Ufaransa, utakuta mistari inayomchanganya mgeni: miraba ya milimita 8, na ndani yake mistari myembamba iliyoachana kwa milimita 2. Herufi a hukaa katika nafasi ya kwanza, t na d hupanda hadi ya pili, na l hufika ya tatu. Mistari hiyo huitwa Seyès, kwa jina la muuza vitabu wa Pontoise aliyeisajili mwaka 1892, na ndiyo wanayojifunzia watoto kuandika herufi za kuunganisha, wengi wao baadaye kwa kalamu ya wino wa buluu. Mtoto akikosea, anayo kalamu ya ncha mbili: moja hufuta, nyingine huandika palipofutwa, kwa kuwa hapo wino wa kawaida haushiki tena.

Nchini Marekani, mtoto wa umri huohuo mara nyingi huchukua kompyuta yake, aghalabu Chromebook, kutoka kabati la kuchajia. Kompyuta hizo zilianza kuuzwa mwaka 2011, na korona ya mwaka 2020 ikazieneza zaidi.

Tusidhani kwamba Wafaransa walichelewa. Mwaka 1985 serikali ya waziri mkuu Laurent Fabius ilitangaza mpango wa kupeleka shuleni kompyuta zaidi ya 100,000, na jimbo la Landes lilianza kuwagawia wanafunzi kompyuta mpakato mwaka 2001, mwaka mmoja kabla ya jimbo la Maine la Marekani, ambalo Wamarekani hupenda kulitaja kuwa mtangulizi.

Kwa maoni yangu, mwamuzi mkuu ni mtihani. Baccalauréat, yaani mtihani wa kumaliza sekondari Ufaransa, iliyoanzishwa na Napoleon mwaka 1808, bado humketisha mtahiniwa wa falsafa kwa saa 4 akiandika insha kwa mkono, na asiyezoea kalamu tangu utotoni atachoka kabla ya kumaliza hoja zake. SAT, ambayo Wamarekani wengi huifanya wakielekea chuo kikuu, imehamia kwenye kompyuta nchini humo tangu 2024.

Halafu kuna suala la mwenye mfuko. Marekani ina wilaya za elimu zipatazo 13,000, na kila moja hujiamulia inunue nini. Ufaransa mtaala hutoka wizarani Paris, lakini vifaa vya shule ya msingi hugharamiwa na manispaa, kwa hiyo waziri anaweza kuagiza somo bila kuwa na kompyuta ya kulifundishia. Panapohitaji amri tu, Paris huwa na kasi: sheria ya Agosti 2018 ilipiga marufuku matumizi ya simu katika shule za msingi na za sekondari ya chini nchi nzima, ilhali Florida ilitunga ya kwake mwaka 2023 na majimbo mengine yakafuata moja moja.

Mwaka huohuo wa 2023 California, yaliko makao ya kampuni iliyobuni Chromebook, ilipitisha sheria ya kuwafundisha tena watoto wa darasa la kwanza hadi la sita kuandika herufi za kuunganisha.