Kujiongoza si kuachwa peke yako

Mhadhiri wa Kiingereza akipakia video na slaidi kwenye Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni, akaweka tarehe ya jaribio na kutoonekana tena hadi siku hiyo, kozi husifiwa kwamba inamfundisha mwanafunzi kujiongoza. Sifa hiyo haistahili.

Kujiongoza ni uwezo wa mwanafunzi kushika hatamu za kujifunza kwake. Dhana hii ilipata umbo lake katika ufundishaji wa lugha kwa ripoti ambayo Henri Holec, wa CRAPEL, kituo cha utafiti wa ufundishaji wa lugha katika Chuo Kikuu cha Nancy, Ufaransa, aliiandikia Baraza la Ulaya mwaka 1979. Alitaja maamuzi matano: kuweka malengo, kuchagua maudhui na mpangilio wake, kuchagua mbinu, kufuatilia mwenendo wa kujifunza, na kutathmini kilichopatikana. Alisisitiza pia kuwa mtu hazaliwi na uwezo huo. Huupata kwa kuujenga, mara nyingi kwa kufundishwa.

Mtandao ndio unaowachanganya wengi. Mwanafunzi anachagua saa ya kusoma, anasoma akiwa bwenini, anairudia video akitaka. Hayo yote ni mazuri, lakini yanahusu muda na mahali tu. Malengo bado ni ya mhadhiri, maudhui ni yake, na alama anatoa yeye. William Littlewood, mtaalamu wa ufundishaji wa lugha, mwaka 1999 alitenganisha anayejiwekea mwelekeo mwenyewe na anayepewa mwelekeo kisha akajipanga vizuri ndani yake. Huyu wa pili asidharauliwe, maana wengi huanzia hapo, ila tusimhesabu kuwa amekwisha fika.

Chukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye lengo lake ni “kuboresha Kiingereza”. Lengo hilo halipimiki, kwa hiyo hatajua amelifikia lini, na baada ya wiki chache atachoka. Ajirekodi kwa simu akizungumza dakika mbili kuhusu mada ya fani yake, asikilize, aandike anapokwama. Akiona vitenzi vya wakati uliopita vinamponyoka, hilo ndilo lengo lake la wiki mbili. Atafute masimulizi mafupi anayoyaelewa kwa sehemu kubwa (yakiwa magumu mno atashughulika na kamusi, si na vitenzi), aweke kumbukumbu ya alichofanya, kisha arekodi upya mada ileile na kulinganisha. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayomwonyesha kama mbinu abadilishe au aendelee nayo.

Mhadhiri hapo hapungukiwi kazi. Kulinganisha rekodi mbili kunahitaji vigezo, na mwanafunzi aliyezoea kupewa alama hana vigezo hivyo kichwani. Anahitaji kuonyeshwa mifano ya kazi nzuri na dhaifu, na kuulizwa kwa nini alichagua zoezi hili akaacha lile. Dakika kumi za mazungumzo ya ushauri kwenye Zoom, rekodi zote mbili zikiwa mezani, zinafaa kuliko saa nzima ya slaidi.

Kozi ya video na tarehe ya jaribio ina jina lake halali: ni kozi ya kujisomea kwa wakati unaokufaa. Iitwe hivyo mpaka hapo mwanafunzi atakapoachiwa walau lengo moja la kuweka na kulipima mwenyewe.