Mapenzi ya kwenye hadithi fupi yanauma wapi hasa

Ukimwambia mtu hadithi ya mapenzi yenye maumivu atawaza usaliti tu, mtu kafumaniwa, simu imepekuliwa usiku, basi. Mimi nafundisha fasihi hapa Kampala na hadithi fupi ndo kazi yangu, na zile za zamani ambazo hazinitoki kichwani hazina fumanizi lolote, zinauma kwa sababu neno limesemwa wakati limeshapitwa.

Chukua Chekhov, yule mwandishi Mrusi, hadithi yake ya 1898 kuhusu Alyohin. Msomi huyu amerudi shambani kulipa madeni ya babake, kisha anampenda Anna Alexeyevna, mke wa rafiki yake, naye anampenda, wote wanajua, wote kimya, miaka inaenda. Wala si woga tu, jamaa anajiuliza nikimchukua nampeleka wapi, mumewe mtu mwema, watoto je, nikiugua mimi je, yaani anapigia mapenzi hesabu kama mtu anayenunua ploti Wakiso. Sasa angalia Chekhov alivyo fundi: Anna halii, anakuwa mkali. Alyohin akiangusha kitu anampongeza kwa kejeli, akibishana na mtu Anna anaenda upande wa yule mwingine. Mwalimu wa mapenzi nani kama huyu?

Mwisho Anna anasafiri Crimea kwa matibabu, treni iko karibu kuondoka, kasahau kikapu, Alyohin anakimbia kumpelekea ndani, macho yanakutana na hapo ndo yote yanamwagika, wanakumbatiana, wanalia, Alyohin anamwambia kwamba anampenda. Kisha anahamia chumba cha pili cha behewa, kitupu, analia mpaka stesheni inayofuata, anashuka, anarudi nyumbani kwa miguu. Hiyo ya miguu ndo inanimaliza. Wanafunzi hukasirika, ticha si angetongoza mapema tu? Mke wa mtu? nawauliza, na darasa linapoa.

James Joyce naye, mwandishi wa Ireland, kwenye hadithi ya mwisho ya kitabu chake cha 1914, ni mkatili zaidi. Gabriel ametoka pati ya shangazi zake Dublin anamtamani mkewe, wanafika hotelini, kumbe Gretta analia, kuna wimbo umemkumbusha Michael Furey, kijana wa Galway aliyesimama kwenye mvua akiwa mgonjwa ili amwone, akafa ana miaka 17. Utagombana vipi na marehemu? Wengi humlilia Gretta, mimi naona aliyepigwa ni Gabriel, anagundua hajawahi kumpenda mwanamke yeyote namna ile.

Ila usidhani kusema mapema ndo dawa. Mwaka 1899 Chekhov huyohuyo akatoa ile ya mama mwenye mbwa: Gurov na Anna Sergeyevna wanasema, wanafanya, wanakutana hotelini Moscow kwa siri, na hadithi inaishia wakijua kwamba sehemu ngumu kabisa ndo kwanza inaanza. Hiyo huwa nawapa darasani baada ya ya Alyohin, kamwe si kabla.