Majibu Hasi Si Kheri Kila Mara

"Majibu yametoka hasi, alhamdulillahi!"

Shukrani njema, ila kwa saratani ya titi zimewahi. Hapa Mombasa tumelizoea neno hasi kwenye vipimo vya Ukimwi na malaria: hasi, huna ugonjwa, rudi zako Kisauni. Ripoti ya kinyama kilichokatwa titini haiulizi hilo. Saratani imeshajulikana ipo; kinachotafutwa ni protini zilizomo ndani ya seli zake, hasa kipokezi cha estrojeni na kipokezi cha projesteroni (protini zinazozinasa homoni hizo), na HER2, inayoisukuma seli ikue. Zote tatu zikikosekana, saratani huitwa hasi-tatu, na kazi huwa ngumu zaidi: vidonge vya kuzuia homoni havina pa kushika, wala dawa ya kulenga HER2. Tegemeo hubaki kemo (dawa za kuua seli za saratani), upasuaji, mionzi, na kwa baadhi ya wagonjwa dawa za kuamsha kinga. Aina hii huwapata wanawake weusi zaidi kuliko wazungu. Ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Kipindi hicho kikipita salama, hatari hushuka sana. Kwa hiyo hata aliyeandikiwa hasi-tatu hajaandikiwa sanda.

"Ana HER2 nyingi, huyo wa kuombewa tu."

Miaka ya 1980 ungekuwa na hoja, maana protini hii ikizidi, seli huzaana mbio. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu, dawa inayoikamata protini hiyohiyo, na alama ya kutisha ikawa mlango wa tiba. (Bei yake ni kilio kingine.) Kipimo cha HER2 hutoa alama kuanzia 0 hadi 3. Tatu ni chanya. Mbili ni shaka, na shaka haitibiwi: huhitaji kipimo cha pili, cha kuhesabu jeni ya HER2.

"Yangu ni ya homoni, ile ya upole, nishapona."

Upole wake ni wa kweli, na ndio unaowaponza watu. Saratani yenye kipokezi cha estrojeni yaweza kunyamaza miaka 10, hata 20, kisha ikarudi. Ndiyo sababu tamoksifeni, kidonge cha kuzuia estrojeni, humezwa miaka 5 au zaidi, na anayeiacha mwaka wa pili kwa kuwa "najisikia sawa" amekatiza tiba njiani.

"Kisu kikigusa uvimbe, saratani husambaa."

Hapana. Na bila kinyama hakuna protini ya kusoma.

"Maabara ikishaandika, imeandika."

Hili ndilo halisemwi sana. Kinyama chatakiwa kitiwe formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa 1, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Joto letu la Februari halisubiri mtu: kikicheleweshwa, protini huharibika, na ripoti yaweza kusema hasi kumbe ni chanya. Mgonjwa akanyimwa vidonge ambavyo vingemfaa. Basi shangazi akikatwa kinyama, mwulize daktari bila haya: kimetiwa dawa saa ngapi?