Umenunua orodha ya nambari za wateja na haikukufaa? Soma hili kabla ya kudai pesa

Malalamiko ya aina moja yanazidi kutufikia. Ajenti wa bima, muuza ploti au mwenye chuo kidogo cha kompyuta anailipa kampuni ya mauzo kwa simu ili apewe orodha ya watu ambao, kwa madai ya kampuni hiyo, wameonyesha nia ya kununua. Orodha inafika kwa barua pepe au WhatsApp: majina, nambari za simu, pengine mtaa na kazi ya mtu. Anaanza kupiga. Nambari kadhaa hazipatikani, nyingine zilikwisha kupata wenye wapya. Wanaopokea hawajui habari ya bima wala ploti, na wanafoka kwa sababu orodha hiyo hiyo imeuzwa kwa wengine na simu zimekuwa zikilia tangu asubuhi. Akirudi kulalamika, kampuni inamjibu kwamba kazi yake ilikuwa kutoa nambari, kuuza ni juu yake. Ndipo anatuandikia akitaka tumsaidie kurudishiwa pesa.

Pesa hizo mara nyingi ni mtaji wa mtu anayehangaika, nasi hatulichukulii jambo hili kwa wepesi. Hata hivyo barua hizi karibu zote zinauliza kwa nini orodha ilikuwa mbovu. Sheria inaanza na swali jingine: je, orodha hiyo ilikuwa halali kuuzwa, na wewe uliyeinunua ulikuwa na haki ya kumpigia hata mtu mmoja aliyemo?

Nchini Kenya, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu na mhusika, yaani mwenye data, alikwisha kujulishwa wakati data ilipochukuliwa. Kanuni za Jumla za sheria hiyo, za mwaka 2021, zinaeleza zaidi kuhusu matangazo ya moja kwa moja. Ni lazima data uwe umeipata kwa mhusika mwenyewe, awe amejulishwa kwamba itatumika kumtangazia bidhaa, awe amekubali, awe na njia rahisi ya kujiondoa, na asiwe amekwisha kuomba kuondolewa. Masharti haya yanakwenda pamoja, wala huchagui linalokufaa. Orodha ya kununua inashindwa kwenye lile la kwanza kabisa.

Tena tujiulize nambari hizo hutoka wapi. Nyingi hutoka kwenye madaftari ya wageni katika lango la majengo ya afisi, fomu za bahati nasibu za madukani, daftari la wakala wa pesa, makundi ya WhatsApp ya harusi na matanga, au rekodi za mwajiri wa zamani zilizonakiliwa na mfanyakazi aliyeondoka. Mtu aliandika nambari yake ili aruhusiwe kupanda ghorofa ya tatu. Hakuomba bima. Ndiyo maana anakufokea, na ndiyo maana humuuzii. Ubovu wa orodha na uharamu wake vina chanzo kimoja: hakuna aliyemuuliza mwenye nambari. Mfanyabiashara anayetaka "orodha safi zaidi" kutoka kwa muuzaji mwingine anatafuta kitu ambacho soko hilo halina.

Kuna utetezi ambao tumeujibu mara nyingi mno, na inasikitisha kuusikia tena kutoka kwa watu wenye biashara zilizosajiliwa. Wa kwanza: "Mimi sikuiba, nilinunua na nina risiti." Anayenunua ng'ombe wa wizi hawi mwenye ng'ombe kwa sababu ana risiti. Risiti yako inaonyesha tarehe uliyopata data na uliyempa pesa, yaani inathibitisha jambo ambalo mlalamikaji angetakiwa kulithibitisha. Wa pili: "Nambari ziko mtandaoni, kwa hiyo ni za umma." Sheria inazungumzia data ambayo mhusika mwenyewe ameitangaza kwa kukusudia, na hata hapo ruhusa ya kuikusanya si ruhusa ya kumtangazia biashara. Wa tatu: "Kampuni iliniambia wote wamekubali." Kifungu cha 32 kinaweka mzigo wa kuthibitisha idhini juu ya anayeitumia data. Ukiulizwa, ni wewe utakayeonyesha nani alikubali, lini, na alikubali nini hasa. Neno la muuzaji halitoshi.

Ni vyema wafanyabiashara wajue kinachofuata baada ya mtu uliyempigia kulalamika. Kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye ndiye msimamizi wa sheria hii, hakuhitaji wakili. Mtu anaweza kufanya hivyo kwa mdomo, kwa maandishi au kwa njia ya kielektroniki. Lalamiko likipokelewa, anayelalamikiwa huarifiwa na kupewa siku 21 za kujibu, na uchunguzi hutakiwa kukamilika katika siku 90. Msinyamaze katika siku hizo 21. Anayenyamaza huamuliwa kwa ushahidi wa upande mmoja. Baada ya uchunguzi Kamishna anaweza kutoa notisi ya utekelezaji, inayoeleza unachopaswa kurekebisha na muda usiopungua siku 21 wa kufanya hivyo. Kuikaidi bila sababu ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kando ya hiyo kuna notisi ya adhabu, ambayo hufika hadi shilingi milioni 5, au kwa kampuni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Mhusika anaweza pia kupewa fidia, na fidia katika malalamiko ya namna hii zimefika laki kadhaa. Asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu.

Haya hayabaki kwenye karatasi. Mnamo Septemba 2023 kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine.

Wauzaji wa orodha nao wasijione salama. Kifungu cha 72 kinafanya kuwa kosa kuweka sokoni data iliyopatikana kinyume cha sheria, na tangazo linaloonyesha kwamba data hiyo inauzwa linahesabiwa kuwa ni kuiuza. Kifungu hicho kinamgusa pia anayejipatia data bila idhini ya aliyeihifadhi, kwa hiyo mnunuzi asidhani kimemruka. Adhabu ya jumla chini ya kifungu cha 73 ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote.

Sasa pesa zako. Kamishna wa Data hana mamlaka ya kukurudishia ada uliyolipa kwa orodha isiyouza, na kutuandikia mara tatu hakubadilishi hilo. Mgogoro wa mkataba wa kiasi kisichozidi shilingi milioni 1 unaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inatakiwa kuamua katika siku 60. Kabla ya kwenda, fikiria kwa makini: mahakama kwa kawaida haimsaidii mtu kutekeleza mkataba ambao msingi wake ni kinyume cha sheria. Ikiwa kampuni ilikudanganya kwa makusudi kwamba watu hao wametoa idhini, hali inaweza kuwa tofauti, na hapo tunakushauri umwone wakili. Makala haya ni ya elimu kwa umma na hayachukui nafasi ya ushauri huo.

Ikiwa orodha iko mkononi mwako sasa hivi, acha kupiga leo. Usiipe kampuni nyingine wala usiiuze ili ufidie hasara, kwa kuwa hapo utakuwa umeingia katika kundi la wauzaji. Hifadhi mkataba, risiti na mazungumzo yenu. Andika lini ulipata orodha na uliwapigia akina nani, kisha ifute kwenye simu na kompyuta za wafanyakazi wako, pamoja na nakala zilizo kwenye makundi. Kama kuna lalamiko lililokwisha kufunguliwa, ulizia kwanza kabla ya kufuta, usije ukaonekana unaharibu ushahidi.

Kampuni ya mauzo kwa simu bado inaweza kukufanyia kazi kihalali. Iajiri iwapigie wateja wako mwenyewe waliokubali kupigiwa, au isimamie dawati lako kwenye maonyesho ambapo mtu anajaza fomu yenye jina la kampuni yako na maelezo ya bidhaa, na anaweka alama mwenyewe kwamba apigiwe. Hapo kampuni inachakata data kwa niaba yako, na sheria inataka mkataba wa maandishi unaosema itafuata maagizo yako tu. Usilipe kwa idadi ya nambari. Lipa kwa mtu ambaye idhini yake unaweza kuionyesha.

Angalia pia cheti cha usajili. Biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida haihitajiki kujisajili kwa Kamishna, lakini msamaha huo hauwahusu wanaofanya hasa matangazo ya moja kwa moja. Kwa hiyo kampuni yoyote ya mauzo kwa simu, hata yenye watu wawili na meza moja, inapaswa kuwa na cheti. Hudumu miezi 24. Uombe uonyeshwe, usome tarehe, na kama kimeisha muda, usitie sahihi hadi kitakapohuishwa.