Kura kwa chama kidogo: umeshika karatasi ipi?

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Tanzania Bara hukabidhiwa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Lakini swali tunaloulizwa kuliko yote kwenye vikao vya elimu ya mpiga kura huku Kusini, iwe Newala, Nanyamba au Kilwa Masoko, huzifunga zote tatu fungu moja: “Nikimpa wa chama kidogo, si nimeitupa kura?” Muulizaji hutaka ndiyo au hapana. Mimi humrudishia swali: karatasi ipi?

Ya rais ndiyo ngumu kwa chama kidogo. Mwaka 1995 sheria ilimtaka mshindi avuke nusu ya kura, na Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alivuka kwa kupata asilimia 61.8. Mwaka 2000 Katiba ikarekebishwa. Tangu hapo anayewazidi wenzake ndiye rais, hata akiwa na asilimia 35, na hakuna duru ya pili. Kenya waliliona hilo mwaka 1992: Daniel arap Moi alibaki Ikulu kwa asilimia 36 hivi, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana karibu zote zilizobaki. Leo Katiba yao inadai zaidi ya nusu, la sivyo wawili wa juu warudiane.

Kwa mfumo kama huu wetu, kuna mpiga kura anayemwacha mgombea aliye moyoni mwake na kumpa mwingine mwenye uwezo wa kumzuia yule asiyemtaka kabisa. Hiyo ndiyo kura ya kimkakati. Mfaransa Maurice Duverger alieleza miaka ya 1950 kwamba mfumo wa mshindi mmoja kwa jimbo huelekea kuzaa vyama vikubwa viwili, kwa sababu vidogo hukosa viti na wafuasi wao, wakishaliona hilo, huanza kuhama. Sioni usaliti wowote hapo. Kinachonisumbua ni watu kuhama bila kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si kubwa. Chukua kata ya kubuni yenye wagombea watatu waliopata kura 410, 380 na 150. Pengo kati ya wa kwanza na wa pili ni 30, na wa tatu ana mara tano ya hapo. Wafuasi wa huyo wa tatu ndio wenye uchaguzi mikononi. Wakihama 31 tu kwenda kwa wa pili, mshindi anabadilika. Sasa chukua kata ya jirani: 3,000, 600 na 200. Hata wale 200 wahame wote usiku mmoja, hakuna kitakachotikisika. Aliyeko kwenye kata hiyo na akamwacha mgombea wake “ili kura isipotee” hajaokoa kitu, amempunguzia tu chama chake sauti. Cha kulinganisha basi ni pengo la wawili wa juu na kura za wa tatu. Ukubwa wa chama peke yake haukuambii lolote.

Karatasi ya mbunge ndiyo yenye siri ambayo wengi hawaijui, na nadhani vyama vyenyewe havijitahidi kuieleza. Karatasi hii huhesabiwa mara mbili. Kwanza jimboni, kumpata mbunge. Kisha kura za ubunge za nchi nzima hujumlishwa chama kwa chama, na kila chama kilichofikisha angalau asilimia tano ya kura zote halali hupata mgawo wa viti maalumu vya wanawake kulingana na kura zake. Mwaka 2015 viti hivyo vilikuwa 113, vikaenda kwa vyama vitatu tu: CCM 66, CHADEMA 37 na CUF 10.

Tazama Lindi Mjini. Mwaka 2010 Salum Barwany wa CUF alishinda jimbo hilo, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuingia Bungeni. Mwaka 2015 akashindwa. Aliyempigia kura mwaka huo alirudi nyumbani akiamini imepotea, kumbe ilikuwa imeingia kwenye lile jumla la taifa lililoipa CUF wanawake 10 bungeni. Upande wa pili, ACT-Wazalendo na NCCR-Mageuzi walishinda jimbo moja moja mwaka huo huo lakini hawakupata kiti maalumu hata kimoja, kwa kuwa hawakufika asilimia tano. Kwa hiyo “chama kidogo” si jina la kitu kimoja. Chenye asilimia sita na chenye nusu ya asilimia vinakaa meza tofauti kabisa, na ni hicho cha pili ambacho kura yake ya ubunge, nje ya jimbo kinaloweza kushinda, haina pa kwenda.

Udiwani nisiukawize. Kura ni chache, mgombea anajulikana hadi nyumbani kwao, na jina la chama hupungua uzito. Wito wa “mafiga matatu”, yaani rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, ni mkakati halali wa kampeni, ila sheria haikulazimishi. Unaweza kuchanganya.

Wakati mwingine vyama hupiga hesabu hii kwa niaba yako, kwa kuachiana majimbo. UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani wa 2015, ilikuwa na CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, na hapa kwetu mwenyekiti wa NLD, Emmanuel Makaidi, aligombea Masasi kabla ya kufariki dunia siku chache kabla ya kura, uchaguzi wa jimbo ukaahirishwa. Si kote walikoelewana. Segerea, Dar es Salaam, CHADEMA na CUF wakasimamisha kila mmoja wake, na jimbo likaenda CCM.

Tatizo kubwa la huku ni taarifa. Kura za maoni za kitafiti hazishuki hadi jimboni, hivyo watu hupima nguvu ya mgombea kwa nyomi la mkutano. Nyomi linadanganya. Nusu ya uwanja ni watoto na watu wa kata nyingine, na msanii wa singeli akishuka jukwaani uwanja unapukutika. Afadhali uulize matokeo yaliyopita ya kata yako. Hubandikwa kituoni baada ya kuhesabu, na mawakala wa vyama wana nakala.

Hata hesabu nzuri inahitaji majina kwenye karatasi. Ruangwa mwaka 2020 mgombea ubunge wa CCM alipita bila kupingwa, wapiga kura wa jimbo hilo wakawa hawana la kupima. Sheria ya uchaguzi ya 2024 inataka mgombea aliye peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana, na hilo ni afadhali. Lakini mwaka 2025 karatasi ya urais ilikuwa na majina 17, na CHADEMA wala ACT-Wazalendo hawakuwamo. Mahali kama hapo neno “mkakati” linabaki na kazi ndogo sana.

Ng'ambo ya mto Ruvuma mambo ni mengine. Ukivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala umeingia Msumbiji, ambako viti vya Bunge hugawanywa mkoa kwa mkoa kwa uwiano wa kura. Chama cha tatu chenye wafuasi wa kutosha mkoani hupata viti vyake bila kuwashinda wakubwa. Washiriki wetu husikia hayo kwa hamu, mpaka nitaje kwamba huko mpiga kura huchagua chama, na chama ndicho hupanga orodha ya majina. Kikao kimoja mzee mmoja akauliza: “Sasa barabara ikikatika, wanamfuata nani?”