Kupunguzwa kwa msaada wa kisheria: maana yake kwa wenye kesi za familia Uingereza

Kwa England na Wales, msaada wa kisheria ni fedha ya serikali inayomlipa wakili wa kawaida, mwenye ofisi yake mtaani, ili amhudumie mtu asiyemudu gharama. Si ofisi ya wasaidizi wa kisheria kama tuliyozoea huku kwetu. Mfumo huo ulianza kwa sheria ya mwaka 1949, na tangu mwanzo talaka zilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake.

Watu wakizungumzia kupunguzwa kwa msaada huo kwenye mambo ya familia, wanamaanisha hasa sheria ya mwaka 2012 iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2013. Iliondoa karibu kesi zote za familia kati ya mtu na mtu: talaka, mgawanyo wa mali, mtoto akae na nani, mzazi mwingine amwone lini. Kesi ambazo serikali ya mtaa inataka kumchukua mtoto zilibaki, na humo mzazi analipiwa wakili bila kuulizwa kipato.

Kwa hiyo umaskini peke yake hautoshi tena. Mama anayesafisha ofisi usiku kwa mshahara wa kubangaiza, baba mtoto akikataa kumrudisha mtoto, kwa kawaida halipiwi hata saa moja ya ushauri wa wakili, isipokuwa alete ushahidi kwamba alinyanyaswa yeye au mtoto.

Ushahidi wenyewe ulikuwa mtihani. Ulitakiwa uwe karatasi inayokubalika, kama barua ya daktari au kumbukumbu ya hukumu ya jinai, na mwanzoni kwa sehemu kubwa iwe ya ndani ya miezi 24. Mwanamke aliyekimbia, akatulia, kisha miaka 3 baadaye akapelekwa mahakamani na mume yule yule, alijikuta amechelewa kuwa mhanga. Shirika la kutetea wanawake liitwalo Rights of Women lilipinga kikomo hicho, na Februari 2016 Mahakama ya Rufani ikasema si halali. Januari 2018 muda uliondolewa kabisa.

Kulikuwa na jambo jingine baya zaidi. Mtuhumiwa naye akikosa wakili, ndiye aliyesimama kumuuliza mkewe maswali ya dodoso, ana kwa ana. Sheria ya mwaka 2021 ndiyo iliyozuia hilo, na sasa mahakama inaweza kuteua wakili wa kuuliza maswali hayo tu.

Serikali ilitarajia watu wakikosa wakili wataenda kwa msuluhishi, na ndiyo maana usuluhishi uliendelea kulipiwa. Kilichotokea ni kinyume. Katika mwaka wa kwanza, vikao vya kuwaeleza watu habari za usuluhishi vilivyolipiwa na serikali vilipungua kwa zaidi ya nusu. Ukifikiri kidogo, hakuna ajabu: mawakili ndio waliokuwa wakiwapeleka wateja huko. Wakili mzoefu wa familia humwambia mteja mapema, "Hili jaji hatakupa, kubali Jumamosi mbili kwa mwezi tuanzie hapo." Ushauri huo wa nusu saa ndio uliokatwa, na kwa maoni yangu ndiyo hasara kubwa kuliko kukosa wakili wa kusimama mahakamani. Mtu asiye na wa kumwambia ukweli hushikilia asichoweza kushinda.

Basi wakaenda mahakamani wenyewe. Kesi ambazo pande zote mbili zina wakili zilishuka kutoka kama 4 katika kila 10 hadi karibu 2. Yule mama msafisha ofisi anajaza jikoni kwake fomu ya C100, ya kuomba amri ya mahakama kuhusu mtoto, anafika na mamia ya meseji za WhatsApp kwenye simu bila kujua zipi zina uzito, na jaji analazimika kumwelekeza huku akijitahidi asionekane ana upande. Akiwa mzungumzaji wa Kiswahili, mahakama itamletea mkalimani siku ya kesi ya mtoto. Fomu na maelezo ya maandishi ni juu yake.

Wengine huenda na anayeitwa rafiki wa McKenzie, yaani mtu wa kuketi kando yao mahakamani bila kuwa wakili wao. Jina limetokana na Levine McKenzie, aliyekuwa na kesi ya talaka jijini London, msaada wake wa kisheria umesitishwa. Mwanasheria kijana kutoka Australia aliketi naye akimnong'oneza la kuuliza, jaji akamzuia. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufani ikasema jaji alikosea. Rafiki huyo anaruhusiwa kuandika, kupanga karatasi na kunong'ona, lakini hasemi mbele ya jaji bila ruhusa. Halazimiki kuwa amesomea sheria wala kuwa na bima, na wapo wanaotoza kwa saa.