Unakimbia Kila Siku? Mfupa Nao Una Ratiba Yake

Tangu kampeni ya mazoezi ya kila siku ipambe moto, kliniki yetu ya viungo inapokea watu wengi wenye lalamiko moja: ugoko unauma. Wengi wamekimbia mwezi au miwili bila kuruka siku, na umbali wameuongeza kila wiki. Nia yao ni njema na hatutaki waache. Lakini kukimbia kila siku si kukimbia sana kila siku.

Moyo na mapafu huzoea upesi. Baada ya wiki chache mtu hahemi tena kama mwanzo, akadhani mwili mzima uko tayari. Mfupa na kano huhitaji miezi. Kila mguu unapotua hupokea mshindo wa mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Mfupa uliochoka hubomoa kwanza sehemu yake ndipo ujenge upya, na katikati ya kazi hiyo huwa dhaifu. Ukiuzidishia mzigo hapo, unapata ufa. Ndiyo maana tunasisitiza siku za dakika 15 au 20 tu, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi.

Ukija kwetu, njoo na raba unazokimbilia, si zile safi za kutokea. Tutatazama soli ilivyolika, kisha tutaubonyeza ugoko kwa kidole kimoja, taratibu, kutoka chini ya goti hadi kwenye kifundo. Maumivu yaliyotandaa urefu wa kiganja mara nyingi hutulia ukipunguza umbali. Lakini pakiwa na sehemu moja inayofunikwa na ncha ya kidole, na ukiguswa hapo unauvuta mguu, tunaihesabu kuwa ufa mpaka vipimo viseme vingine. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo usituletee picha hiyo kama utetezi. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huuona ufa mapema zaidi. Ufa ukithibitika, kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8 bila kukimbia, kisha unarudi kwa kuchanganya kutembea na kukimbia dakika moja moja. Ukitoroka wiki ya 4 kwa sababu maumivu yameisha, unaweza kuanza hesabu upya.

Kuna pia hii imani ya siku 21, kwamba zikitimia mazoea yameshika, na ukikosa moja umeharibu zote. Tumeikanusha mara nyingi mno. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya: wastani ulikuwa siku 66, kuanzia 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu safari. Ron Hill, mkimbiaji wa marathoni wa Uingereza aliyekimbia kila siku tangu Desemba 1964, alijiwekea kiwango cha chini cha maili moja, na Januari 2017 alisimama baada ya kuumwa moyo akiwa anakimbia. Kama yeye alikubali kusimama, wewe wa siku ya 40 unakataa nini?

Siku ya kupumzisha mguu, vaa raba saa ile ile, toka, tembea dakika 20. Ukiwa na homa, hata hilo liache. Baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo, na kukimbia wakati huo ni hatari. Lala mpaka homa iishe.